Kiti alichokikosa Anne Wafula Kenya kisikosekane Ilomba

SIKU Mbeya City au Tanzania Prisons wakiwa na mechi nyumbani, Ilomba huamka mapema. Daladala zinazotoka Uyole zinafika pale zikiwa zimeshajaa, makonda wananing'inia mlangoni, bodaboda wanapandisha nauli bila hata kuona haya. Safari ya wote ni moja, kwenda Uwanja wa Sokoine.

Kwenye barabara hiyo hiyo huwa hakosekani mtu mmoja ambaye kurasa za michezo hazimjui. Yuko juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha pedeli kwa mikono. Anapandisha kilima taratibu, malori ya kwenda Tunduma yanampita karibu kabisa na kumwachia moshi. Shati limelowa jasho mgongoni, pamoja na baridi yote ya Mbeya. Mabega yamejaa kama ya beki wa kati.

Shabiki wa soka huwa anajisifu kwa jicho lake. Akimwona mtoto anapiga danadana na mpira wa makaratasi kwenye uchochoro, hachelewi kusema, "Huyu dogo ni wa Ligi Kuu." Lakini jicho hilo hilo likitua kwenye mabega ya yule wa baiskeli, mdomo unatoa neno moja tu: "Pole." Halafu kila mtu anashika njia yake.

Hiyo pole, pamoja na nia njema iliyomo ndani yake, inaigharimu nchi wanariadha. Anayebisha na ayaangalie maisha ya Anne Wafula.

MTOTO WA MIHUU

Anne Olympia Wafula alizaliwa Mihuu, kijiji cha magharibi mwa Kenya. Akiwa na miaka miwili na nusu akapata polio, na sehemu ya chini ya mwili ikapooza. Mtoto aliyekuwa ameshaanza kukimbia uani akarudi kwenye kutambaa.

Kilichofuata hata watu wa Nyanda za Juu Kusini wanakifahamu, maana si kigeni huku. Yakaanza maneno ya kijijini. Mtoto amelogwa, familia ina laana, kuna mkosi pale nyumbani. Majirani waliokuwa wanaazimana chumvi wakageuka kuwa maadui. Baba yake, ambaye alikuwa mwanajeshi, akaona hapa hapakaliki. Akaihamisha familia kwenda Nairobi.

Baba huyo angeweza kufanya kile ambacho wazazi wengi wamekifanya, kumfungia mtoto chumba cha nyuma wageni wasimwone. Hakufanya hivyo. Anne alipelekwa shule ya Joyland, Kisumu, shule ya watoto wenye ulemavu inayoendeshwa na Jeshi la Wokovu. Sekondari akasoma Joytown, Thika. Akafaulu, akaingia Chuo Kikuu cha Moi, akatoka na shahada ya ualimu, akaajiriwa kufundisha chuo cha ufundi Machakos.

Kwa maisha ya kawaida, hapo hadithi ingeweza kuishia kwa makofi. Mtoto aliyeitwa laana kijijini amekuwa mwalimu wa chuo. Ukoo umepata heshima, waliosema wamenyamaza.

Lakini kwa macho ya mtu wa michezo, kuna jambo hapo halikai sawa. Chuo Kikuu cha Moi kipo nje kidogo ya Eldoret. Hakuna mpenzi wa riadha asiyeujua mji huo. Ni mji wa Kipchoge Keino. Vijiji vinavyouzunguka vimetoa mabingwa wa dunia kwa mafungu, na alfajiri pale barabara zinajaa watu wanaokimbia kabla daladala hazijaanza kazi.

Anne alisoma miaka yake yote ya chuo katika eneo hilo. Hewa aliyovuta ndiyo wanayovuta mabingwa. Mikono alikuwa nayo, mabega alikuwa nayo, moyo ndio usiseme. Akamaliza chuo, akaanza kazi, na mbio zake zilikuwa bado hazijaanza.

MIAKA 2 TU

Mwaka 2000 Anne alihamia Uingereza na mume wake, Mwingereza. Stephen Cherono alipokwenda Qatar mwaka 2003 na kuitwa Saif Saaeed Shaheen, watu walisema amefuata hela. Anne alifuata ndoa, na huko ndoani akakutana na kiti cha mbio.

Alianza mbio hizo mwaka 2002. Hapo alikuwa mtu mzima, mwenye ndoa na taaluma yake, kwenye umri ambao mchezaji wa mpira anaanza kuulizwa lini atastaafu. Mwaka 2004 akawa Athens, kwenye Michezo ya Paralimpiki, amevaa jezi ya Kenya, anakimbia mita 400 daraja la T53. Anatajwa kuwa mwanariadha wa kwanza wa kiti mwendo kutoka Afrika Mashariki kufika hapo.

Kutoka 2002 hadi 2004 ni miaka 2. Hakuna mshambuliaji aliyeanza kugusa mpira akiwa mwalimu wa chuo, halafu miaka 2 baadaye akawa AFCON. Habari ya namna hiyo ikitokea kwenye soka, redio za michezo zingekesha nayo.

Medali hakurudi nayo. Wala hakuna haja ya kumpamba kwa asichokuwa nacho. Mwaka 2006 akapata uraia wa Uingereza na kuanza kuvaa jezi ya nchi hiyo. Mwaka 2014 akapewa nishani ya MBE kwa kazi yake kwenye michezo ya watu wenye ulemavu na kusaidia jamii. Leo anaitwa Anne Wafula Strike, ana taasisi yenye jina lake la Olympia-Wafula, na akizungumza huko Uingereza wakubwa wanakaa kimya kumsikiliza.

Atatokea mjuaji aseme mbio za viti zina washindani wachache, ndiyo maana mtu anaweza kufika Paralimpiki kwa miaka 2. Ni kweli, washindani ni wachache kuliko wa mbio za kawaida. Lakini mjuaji huyo aulizwe kwa nini ni wachache. Watu wenye miguu iliyopooza wamejaa dunia nzima, na wengi wako kwenye nchi maskini. Kilicho adimu ni viti. Uchache anaoutaja kumdharau Anne ndio ushahidi wa kesi yenyewe.

Swali linalopaswa kumkosesha Mkenya usingizi, na Mtanzania pia, ni hili. Kama alihitaji miaka 2 tu akianza ukubwani, angekuwa nani angepewa kiti akiwa na miaka 12 pale Kisumu?

KASI INAYOKIMBIZA BAJAJI

Shabiki wengi wa soka wakisikia mbio za viti mwendo wanapata picha ya mtu anayesukumwa na nesi kwenye korido ya hospitali. Picha hiyo ifutwe.

Kiti cha mbio kina magurudumu matatu. Mawili makubwa yako nyuma, yamelalia upande, na moja dogo liko mbele kabisa, mbali na mwili. Mwanariadha anapiga magoti au anakunja miguu kwenye kikalio chembamba, kifua kimelala juu ya magoti. Mikononi anavaa glavu ngumu. Hazungushi pedeli, wala hashiki tairi. Anaipiga ringi iliyo pembeni ya gurudumu, kwa nguvu na kwa haraka, mikono yote kwa pamoja, mpaka mwisho wa mbio.

Madaraja yanaanzia T51 hadi T54, kulingana na sehemu ya mwili inayofanya kazi. T54 ni wale ambao kiwiliwili kinawasaidia. T53, daraja alilokimbia Anne kule Athens, ni wale ambao misuli ya tumbo na mgongo haiwapi msaada wa maana, kazi yote inabaki kwa mikono na mabega.

Sasa kasi. Kelvin Kiptum, Mungu amrehemu, alishangaza dunia mwaka 2023 kule Chicago alipomaliza marathoni kwa saa 2 na sekunde 35. Marcel Hug wa Uswisi, juu ya kiti, alimaliza umbali huo huo kule Oita, Japani, mwaka 2021 kwa saa 1, dakika 17 na sekunde 47. Ni kama kilomita 32 kwa saa, kwa kilomita zote 42. Bajaji ya Ilomba saa 12 jioni haioni kasi hiyo hata kwa ndoto.

Kuna wanaosema huo ni mchezo wa Wazungu. Wamwangalie Walid Ktila wa Tunisia, Mwafrika, ambaye amebeba dhahabu za Paralimpiki London 2012, Rio 2016 na Tokyo. Mwafrika anaweza. Tunisia waliamua, wakawekeza, wakavuna.

MIGUU INAYOUZWA DUKANI

Tanzania ina historia ya riadha ambayo haihitaji kuombewa kura. John Stephen Akhwari alichechemea mpaka mwisho kule Mexico mwaka 1968 na jina lake halijafa. Filbert Bayi aliwaburuza watu Christchurch mwaka 1974 na kuweka rekodi ya dunia ya mita 1,500. Na Septemba 2025, Alphonce Simbu akampita Mjerumani kwenye mita za mwisho kule Tokyo, kwa tofauti ya sekunde 0.03, akawa bingwa wa dunia wa marathoni.

Wote hao wana kitu kimoja kinachofanana. Walizaliwa na vifaa vyao. Riadha ndiyo mchezo wa maskini kwa sababu miguu haina ushuru wa forodha. Mtoto wa mkulima anaamka, anakimbia kwenda shule, anarudi akikimbia, kocha anamwona. Viatu vitakuja baadaye.

Kwenye mbio za viti hesabu ni nyingine. Miguu ya mbio hizo inanunuliwa dukani, na duka lenyewe liko ng'ambo. Kiti kimoja kizuri huuzwa kwa maelfu ya dola. Mama anayeuza viazi Mwanjelwa hawezi kukinunua hata akijinyima chakula. Kwa hiyo ile kauli ya kwenye mikutano, kwamba kipaji kitajitokeza chenyewe, kwa mwanariadha wa kiti haifanyi kazi. Kipaji chake hakionekani mpaka mtu mwingine atoe hela kwanza. Hata Anne mwenyewe hakujijua mpaka alipokaa kwenye kiti.

Ndiyo maana kwenye Michezo ya Paralimpiki ya Paris 2024 Tanzania ilipopata mwanariadha wa kiti mwendo, Hilmy Shawwal, ilipaswa kuwa habari kubwa kuliko ilivyokuwa. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 60 haiwezi kuwa na mabega hayo kwa mtu mmoja. Wengine wako wapi? Wako Uyole, wako Makambako, wako Mafinga, wako Ilomba. Wako juu ya baiskeli za kuzungusha, wanakwenda sokoni.

Na Tanzania imeshaona kwa macho yake kinachotokea watu wakipewa nafasi. Mwaka 2022 timu ya taifa ya soka la watu wenye ulemavu wa viungo, Tembo Warriors, ilikwenda Kombe la Dunia kule Istanbul na kufika robo fainali. Kombe la Dunia, robo fainali, jezi ya Tanzania. Wanaume wale wanacheza kwa magongo, na waliwapa mashabiki raha ambayo timu nyingine hazijawahi kuwapa. Walichopewa ni kambi, kocha na tiketi ya ndege. Hakuna muujiza hapo.

HOJA YA WENYE KUPINGA

Upande wa pili nao una hoja, na si ya kuibeza. Watu watasema, pale Ilomba kuna mtoto hana hata kiti cha kawaida cha kumpeleka shule, leo mnazungumzia kiti cha mbio cha mamilioni? Kiti ambacho hakiwezi kuingia darasani wala chooni? Huo si wazimu?

Hoja ina uzito. Hata maisha ya Anne yanaiunga mkono kwa sehemu. Kabla ya Athens kulikuwa na Joyland. Kabla ya kiti cha mbio kulikuwa na shule, na baba aliyekataa kuona aibu. Mtoto asiyetoka ndani hawezi kuwa mwanariadha. Kwa hiyo mpangilio ni huo huo: kwanza mtoto atoke nje, kwanza afike shule.

Lakini wanaopinga wanasahau kitu ambacho shabiki wa soka anakijua vizuri. Michezo ndiyo inayowatoa watu ndani. Mzazi anayemficha mtoto wake hatabadilishwa na semina. Atabadilika siku atakapomwona kijana wa aina ya mwanawe anakatiza Sokoine kwa kasi, watu wamesimama, wanapiga kelele, mtangazaji anataja jina lake. Siku hiyo akirudi nyumbani atafungua kile chumba cha nyuma. Mbwana Samatta aliposajiliwa Genk, ni wazazi wangapi waliacha kuwachapa watoto kwa kosa la kucheza mpira?

Na wanaohitaji hawatapungua wenyewe. Polio imebanwa sana Afrika, hilo ni la kushukuru. Ila bodaboda zimeongezeka, na kila mtu wa Ilomba anamfahamu kijana aliyekuwa mzima mwaka juzi, akagongwa, akaumia uti wa mgongo, leo amekaa. Kijana huyo alikuwa winga wa timu ya mtaa. Mwili wa mwanamichezo anao bado, nusu yake ya juu. Wenzake waliocheza naye walimtembelea wiki ya kwanza na matunda, wiki ya pili wakapungua, mwezi wa tatu hawakuonekana. Hawakumchukia. Hawakujua tu wamwambie nini zaidi ya pole.

KAZI YA MASHABIKI WA MBEYA

Hapa ndipo mashabiki wa soka wanapoingia. Kwa kuwa ndio wanaoijaza Sokoine, na ndio wanaojua kuchanga.

Matawi ya mashabiki Mbeya yanakodi Coaster kuifuata timu Iringa, Songea, hata Dar es Salaam. Watu wanalala kwenye viti, wanakula mahindi ya kuchoma barabarani, wanarudi na vidonda vya koo, na wiki ijayo wanachanga tena. Mbeya City ilipopanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza na kumaliza nafasi ya 3 msimu wa 2013/14, nchi nzima ilishangaa umati ule wa zambarau unatoka wapi. Umati ule ule ukiamua kukusanya mchango mlangoni kwa mechi chache, kiti kimoja kinapatikana. Kiti kimoja kinaweza kutumiwa na watoto kadhaa kwa zamu, kama timu ya mtaa inavyotumia mpira mmoja.

Na hakuna lazima kila kiti kitoke Ulaya. Bob Hall, Mmarekani, alimaliza marathoni ya Boston mwaka 1975 akiwa kwenye kiti, baada ya kuambiwa atatambuliwa akimaliza chini ya saa 3. Alimaliza kwa saa 2 na dakika 58. Baadaye akawa fundi mwenyewe, akatengeneza viti vya mbio na kuwauzia wenzake. Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia pale Iyunga. Ina VETA. Ina mafundi wa kuchomelea wanaotengeneza mageti, mikokoteni na matela ya kubebea mazao. Kiti cha mazoezi, si cha kwenda Paralimpiki, cha kumjulia mtoto kama ana kasi, hakiwezi kuwashinda watu hawa wakikaa pamoja na mtu anayekitumia na kumsikiliza.

Mbio za Tulia Marathon zinafanyika Mbeya kila mwaka na watu wanajaa. Kundi la viti mwendo liwepo, na lianze mbele, kabla ya wanaokimbia kwa miguu, kama inavyofanyika kwenye marathoni kubwa za dunia. Wasipewe mbio za kuonyesha huruma za mita 50 huku mgeni rasmi anapiga makofi. Wapewe umbali, wapimwe muda, na mshindi apewe zawadi inayofanana na ya wenzake.

Kuna barabara pia. Mradi wa njia nne kutoka Nsalaga mpaka Ifisi, kilomita 29, unapita Ilomba. Kila njia ya waenda kwa miguu inapokutana na barabara, iwekewe mteremko. Zege likiwa bichi, mteremko ni kazi ya dakika chache ya fundi. Zege likikauka, ni kazi ya nyundo, vikao na bajeti ya mwaka ujao. Mwenyekiti wa mtaa anayejua kusimamia goli la mechi za ndondo anaweza kusimama na mkandarasi na kumuuliza swali hilo moja.

SWALI LA CHOO

Halafu uwanja wenyewe. Desemba 2016 Anne Wafula alipanda treni ya safari ndefu huko Uingereza. Choo cha watu wenye ulemavu kilikuwa kibovu. Mwanamke aliyekwenda Paralimpiki, mwenye nishani ya taifa, akajikojolea kwenye kiti chake mbele ya abiria. Angeweza kunyamaza, maana aibu ilikuwa yake. Aliamua kuisema hadharani magazetini, kwa sababu alijua hakuwa peke yake, na wengi walikuwa wamenyamaza miaka mingi.

Kama hayo yalitokea Uingereza, kwa mtu mwenye jina, viongozi wa klabu na wasimamizi wa viwanja huku nyumbani wajiulize maswali mawili. Mwenye kiti mwendo akija na tiketi yake anaingia mlango gani? Na wakati wa mapumziko akibanwa, anakwenda wapi? Majibu wasiyatoe ofisini. Wamwite mwenye kiti mwendo mmoja, wamkabidhi tiketi, wamfuate nyuma kimya kimya kuanzia getini, waone anakokwama.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ipo tangu mwaka 2010. Inazungumzia haki ya kufika mahali na haki ya kushiriki michezo. Imeshapita muda mrefu kuliko kazi ya uwanjani ya wachezaji wengi. Hakuna anayedai jambo jipya.

KILIMA CHA ILOMBA

Wanariadha wote wakubwa wana siku moja ambayo mtu mwingine aliwaona. Kocha alipita, mwalimu wa michezo aliinua saa, jirani alisema mtoto huyu ana mbio. Anne Wafula aliipata siku hiyo akiwa ameshavuka bahari. Kenya ilimpa shule, ikampa shahada, ikampa kazi. Haikumpa mtu wa kuinua saa.

Mechi nyingine ya Sokoine inakuja. Daladala zitajaa tena, na kwenye kilima kile yule mtu wa baiskeli ya magurudumu matatu atakuwepo tena na shati lililolowa. Shabiki mwenye jicho anaweza kusema pole na kupita, kama siku zote. Au anaweza kusimama, amsalimie vizuri, kisha amuulize swali ambalo labda hajawahi kuulizwa na mtu:

"Kaka, kilima hiki unakimaliza kwa dakika ngapi?"